Kuku Jike Akiwika: Je, Ni Nuksi Katika Nyumba?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

SWALI

Assalamu alaykum masheikh zetu. Mimi ni kijana wa Pemba, nafanya kazi Masieda, mkoani Manyara, huku katika nchi ya Mbulu na Hanang. Tunafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Kuku wetu mmoja wa kike, aliyekuwa akitaga vizuri na ameshalea vifaranga mara mbili, ameanza kuwika alfajiri kama jogoo. Majirani wametwambia tumchinje kabla jua halijazama. Nilipompigia simu mama huko nyumbani, naye akaniambia hayo hayo: kuku jike akiwika, mwenye nyumba hafiki mbali. Akaongeza kwamba kuku huyo mke wangu alikuja naye alipotoka kwao, basi nimwangalie vizuri huyo mke. Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Nini hukumu yake? Na nyama yake na mayai yake ni halali?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tunakushukuru ndugu yetu kwa kuuliza kabla ya kutenda. Swali lako tumeliweka hapa ili wasome na wengine, kwani itikadi hii si ya Masieda peke yake wala si ya kabila moja. Ipo bara, ipo Unguja, ipo Pemba, na wewe mwenyewe umeisikia kutoka kwa jirani wa Manyara na kutoka kwa mama yako kisiwani katika siku moja. Tutalijibu kwa mafungu, Insha Allah.

KWANZA: Kuku huyu amepatwa na nini?

Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba kukihukumu kitu kunatokana na kukifahamu. Basi tuanze na kuku mwenyewe.

Kifaranga wa kike anapoumbwa ndani ya yai huwa na viungo viwili vya uzazi, kimoja kushoto na kimoja kulia. Cha kushoto ndicho kinachokua kikawa ovari, mahali mayai yanapotokea. Cha kulia husita kukua, kikabaki kidogo mno, kimelala tu. Ovari ya kushoto ina kazi mbili: hutoa mayai, na humimina katika damu homoni ya kike iitwayo estrojeni. Homoni hii ndiyo inayompa tembe manyoya ya tembe na tabia za tembe.

Sasa ovari hiyo ikiharibika, kwa uvimbe, kwa maradhi au kwa uzee, estrojeni hupungua katika damu. Hapo kile kiungo cha kulia kilicholala huweza kuamka. Na kwa kuwa hakikupata kuwa ovari, huweza kuelekea upande wa korodani na kutoa homoni ya kiume. Matokeo yake mfugaji huyaona kwa macho: kuku huacha kutaga, upanga wa kichwani hukua na kuwa mwekundu, akinyonyoka manyoya ya zamani huota ya kijogoo, pengine vipi vya miguuni hurefuka, na siku moja alfajiri anawika. Hakugeuka kuwa jogoo kamili. Asili yake ya kike imo mwilini mwake pale pale. Kilichobadilika ni kinachotembea ndani ya damu yake.

Kwamba kuwika kunatokana na kitu cha ndani ya damu si dhana. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, mtaalamu aitwaye Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Waliohasiwa wakabaki na panga ndogo, hawakuwika wala hawakugombana. Lakini wale aliowarejeshea korodani ndani ya tumbo, ingawa mahali pasipokuwa pake, waliwika na kuwa majogoo kama wenzao. Na mwaka 1923, mtaalamu wa Edinburgh aitwaye Crew alieleza habari za kuku jike aliyetaga, kisha akawika, na mwisho akazalisha vifaranga wawili. Alipopasuliwa, ovari yake ilionekana imeharibiwa na maradhi.

Ipo sababu nyingine nyepesi zaidi. Katika kundi lisilo na jogoo, kuku jike mwenye nguvu kuliko wenzake huweza kushika nafasi ya mkubwa wa banda na akajaribu kuwika, huku anaendelea kutaga. Na mara nyingine anayedhaniwa ni jike ni pora aliyechelewa kuonyesha ujogoo wake. Huyo wako ameshataga na kulea, basi hili la mwisho kwake halipo.

Kwa hiyo, ndugu yetu, kuku anayewika ama ni mgonjwa, ama ni mzee, ama ni mbabe wa banda lisilo na jogoo. Hana khabari yoyote ya ghaibu aliyokuja nayo.

Wala tusidhani kwamba kushtushwa na jambo hili ni udhaifu wa watu wetu tu. Katika mji wa Basel, huko Uswisi, mwaka 1474 jogoo alishitakiwa mahakamani kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa, akachomwa moto pamoja na yai lake mbele ya watu. Tukiyatazama leo yale tuliyoyaeleza, tunaona kwamba huenda maskini yule alikuwa tembe tu aliyevaa manyoya ya jogoo. Watu wale walikuwa na mahakama na wasomi, lakini walipoona wasilolijua, walichagua khofu kabla ya elimu.

PILI: Dini inasemaje juu ya nuksi na mikosi?

Lugha yetu yenyewe inatufundisha asili ya jambo hili. Msafiri aliyekutana na asilolipenda njiani, wazee husema kapata "ndege mbaya". Waarabu wa zama za ujahili walikuwa hivyo hivyo. Mtu akitaka kusafiri humshtua ndege. Akiruka kulia huenda safari yake, akiruka kushoto hurejea nyumbani. Ndiyo maana kuamini mikosi kukaitwa kwa Kiarabu tiyara, neno linalotokana na ndege. Na katika yale yale waliyoyaogopa alikuwamo bundi, ambaye mpaka leo akilia juu ya paa kwetu, watoto huingizwa ndani.

Mtume (S.A.W.) aliikanusha itikadi hii waziwazi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim amekanusha tiyara, na akakanusha pamoja nayo khofu ya bundi. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, tiyara imeitwa shirki. Sababu yake iko wazi: mwenye kuitakidi kwamba kuku analeta mauti amempa kuku jambo ambalo halimiliki ila Allah peke yake.

Na Qur'ani imetuonyesha ni watu gani waliokuwa na tabia hii. Watu wa Firauni walipopatwa na baya walisema ni nuksi ya Nabii Musa na walio pamoja naye (Suratul A'raf, aya 131). Thamud wakamwambia hivyo Nabii Salih (Suratun Naml, aya 47). Na watu wa ule mji uliotajwa katika Surat Yasin (aya 18 na 19) wakawatishia Mitume kwa sababu hiyo hiyo. Zingatieni jambo moja katika visa vyote vitatu: kila walipozungumza juu ya nuksi, waliishia kumnyooshea mtu kidole. Nuksi haibaki kwa ndege. Hutoka kwa ndege ikaingia kwa mtu.

Atauliza muulizaji: je, mtu akisikia kuku jike anawika na moyo ukamshtuka, keshatoka katika Uislamu? Hapana. Swahaba Muawiya bin al-Hakam (R.A.) alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba wapo miongoni mwao wanaoamini mikosi, naye akamjibu kwa maana kwamba hicho ni kitu wanachokihisi vifuani mwao, basi kisiwazuie (ameipokea Muslim). Mshtuko wa moyo haumo katika uwezo wa mtu. Kilichomo katika uwezo wake ni kile atakachokifanya baada ya mshtuko: asiahirishe safari, asivunje shughuli, asichinje kwa khofu, asimtuhumu mtu. Na Imam Ahmad amepokea hadithi kwamba aliyeingiwa na hayo amuombe Mola wake akikiri kwamba hakuna kheri ila kheri Yake, wala hakuna ndege ila ndege Wake, wala hakuna mungu ila Yeye.

TATU: Mauti yakitokea kweli katika siku hizo?

Hapa ndipo wengi huteleza, na ndipo tunapotaka familia zetu zisome kwa utulivu. Mtu anaweza kuyakubali yote tuliyoyasema, kisha wiki ile ile akafariki mzee wa nyumba. Hapo jirani atasema: tuliwaambia.

Tukumbuke siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.). Jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Angetaka kunyamaza angenyamaza, kwani maneno yale yalikuwa ya kumtukuza mwanawe, naye yumo katika msiba. Lakini hakunyamaza. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara miongoni mwa ishara za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake (Bukhari na Muslim). Mambo mawili yalikutana katika siku moja, na moja halikuwa sababu ya jingine. Ikiwa jua halihusiani na kifo cha mtoto wa Mtume, kuku wa uani atahusiana vipi na kifo cha mmoja wetu?

Tena kuna khatari nyingine. Anayemtazama kuku huacha kuitazama sababu ya kweli. Ndugu yetu muulizaji yuko katika nchi inayolijua hili kwa uchungu. Mwezi Disemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tunawaombea rehma waliofariki. Wataalamu walieleza kuhusu mvua kubwa na sehemu ya mlima iliyonyonya maji ikameguka. Elimu ya namna hiyo ndiyo inayowasaidia watu kujua wapi pa kujenga na lini pa kuhama. Atakayesema sababu ilikuwa kuku au bundi hatamuokoa mtu yeyote mara ya pili. Vivyo hivyo, mzee anayeumwa na kifua nyumbani anahitaji kupelekwa hospitali; kumchinja kuku hakutamtibu.

NNE: Mke ana kosa gani?

Katika swali lako, hili ndilo zito kuliko yote. Kuku ataishi au ataliwa, lakini nyumba ikivunjika haijengwi kwa urahisi.

Huenda mtu akatoa hoja kwamba ipo hadithi inayotaja nuksi katika nyumba, mwanamke na mnyama wa kupanda. Ni kweli maneno hayo yamepokewa, na wanavyuoni wameyaeleza kwa njia nyingi. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alipoelezwa alikasirika sana, akabainisha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisimulia walivyokuwa wakisema watu wa zama za ujahili (ameipokea Ahmad). Na yeye mwenyewe alikuwa hoja inayotembea. Waarabu waliuona mwezi wa Shawwal ni mwezi wa mkosi kwa ndoa. Bibi Aisha akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimuoa Shawwal na akaingia kwake Shawwal, kisha akauliza ni mke gani aliyepata nafasi kwake kuliko yeye (ameipokea Muslim). Akawa anapenda wanawake wa jamaa zake waingizwe kwa waume zao katika mwezi huo huo.

Basi kumwambia mwanamke kwamba kaja na nuksi kwa sababu kuku wa kwao amewika ni dhana mbaya, na Suratul Hujurat (aya 12) imetukataza dhana kama hizo. Huanza kwa neno dogo la simu, kisha likawa tuhuma ya uchawi, kisha talaka. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi ambazo chanzo chake kilikuwa dogo kama hili. Muislamu asiwe na mkono wake katika mwanzo wa njia hiyo.

Tuongeze hili: katika mataifa mengi kuku jike anayewika amefanywa mfano wa kumnyamazisha mwanamke anayetoa rai mbele ya wanaume. Sisi hatuna haja na mfano huo. Siku ya Hudaybiya, Swahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, rai iliyowakwamua ilikuwa ya Bibi Ummu Salama (R.A.), na Mtume (S.A.W.) akaifuata (ameipokea Bukhari).

TANO: Hukumu ya nyama, mayai, kuchinja na kuuza

Nyama yake ni halali. Kuku ni katika vyakula vilivyohalalishwa, na Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) ameeleza kwamba alimuona Mtume (S.A.W.) akila kuku (Bukhari na Muslim). Kuwika hakumtoi katika jinsi yake. Mayai yake pia ni halali, akiwa bado anataga.

Lakini akiwa amekonda sana, tumbo limevimba au anaonyesha maradhi, msile mpaka afisa mifugo amtazame. Hapo tunazuia kwa ajili ya madhara, si kwa ajili ya nuksi.

Kumchinja kwa ajili ya kula, kwa jina la Allah, ni jambo la ruhusa. Kuku ni mali yako. Kumchinja kwa kuitakidi kwamba damu yake inazuia mauti ni haramu kwa itikadi hiyo. Na akichinjiwa mizimu, mapepo au majini, hiyo ni shirki na nyama yake haliwi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) laana juu ya mwenye kumchinjia asiyekuwa Allah. Masharti kama kuchinja kabla ya Magharibi, kumwaga damu njia panda au kuzika kichwa chini ya mlango hayana asili katika dini.

Kumuuza inajuzu, kwa sharti la kusema kweli. Anayenunua tembe hununua kwa tamaa ya mayai na vifaranga, na huyu huenda hatatagi tena. Kumpeleka mnadani au Darajani ukanyamaza ni kughushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi, katika hadithi ya yule aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu (ameipokea Muslim). Inasikitisha kwamba wengine, kwa kukimbia nuksi ya kubuni, huingia katika dhambi ya kweli.

Ama dua wakati wa kusikia mlio: hadithi ya Bukhari na Muslim imemtaja jogoo, kwamba tukimsikia tumuombe Allah katika fadhila Zake kwa kuwa ameona Malaika. Imemtaja jogoo, basi hatuwezi kuliingiza kuku jike katika Sunna hiyo bila dalili. Lakini mlango wa dua uko wazi kila wakati, na aliyeamshwa na sauti yoyote akamkumbuka Mola wake kapata kheri.

Na kuhusu wakati wa Swala: baadhi ya wanavyuoni wa madhhab ya Imam Shafi wameruhusu kumtegemea jogoo aliyejaribiwa akaonekana hakosei. Kuku huyu hajajaribiwa, na ratiba za Swala zipo. Tegemeeni ratiba na muadhini. Wazee wamesema, liwike lisiwike, kutakucha.

SITA: Nasaha zetu kwako na kwa familia

1. Zungumza na mke wako kabla ya yote, umwambie waziwazi kwamba humdhanii baya. Anahitaji kulisikia kutoka kinywani mwako.

2. Kwa mama, usimjibu kwa ukali wala kwa kumcheka. Khofu yake ni mapenzi, anaogopa kukupoteza. Mwambie: mama, mimi ni mzima, niombee dua, kwani dua yako ndiyo kinga yangu. Kisha mueleze kidogo kidogo, au umtume mtu anayemheshimu. Utiifu kwa mzazi ni wajibu, lakini hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Kumchinja kwa itikadi hii, au kumdhulumu mke, hakumo katika utiifu.

3. Tunaona bora kwa sasa usimchinje. Ukimchinja leo, majirani watasema mmepona kwa sababu mmechinja, na watoto watakua na somo hilo. Mwache siku zipite, jua lizame na lichomoze, na nyumba ijionee. Bibi Aisha aliivunja itikadi ya Shawwal kwa kuoza Shawwal. Baadaye mkitaka kumla, muleni kwa Bismillah, siku ya furaha.

4. Wakati huo huo waelezeni watoto sasa, kabla halijatokea lolote, kwamba ajali ya kila mtu imeandikwa, ili likitokea wasilifungamanishe na kuku. Suratut Taghabun (aya 11) inatufundisha kwamba hausibu msiba ila kwa idhini ya Allah.

5. Mtenge kama anaonekana mgonjwa, na uwatazame wenzake. Kama banda halina jogoo, tafuta jogoo. Huenda kelele zikatulia zenyewe.

6. Majirani zako wa Masieda, wawe Waislamu au si Waislamu, waeleze kwa upole yale ya ovari na homoni. Ni elimu inayomfaa kila mfugaji, na tabia yako njema itawafikishia mengine.

Tunamuomba Allah Aijaze nyumba yenu utulivu, Amzidishie mama yenu umri wenye twaa, na Atulinde sote na shirki ndogo na kubwa.

Wallahu a'alam.